Mashine ya Maabara Ikikosea, Nani Atagundua?

Msomaji mpendwa, bila shaka umewahi kuugua, ukaenda hospitalini na daktari akakutuma maabara. Ulidungwa sindano, damu ikatolewa, ukaambiwa ukae kwenye benchi usubiri. Baada ya nusu saa hivi ulipewa kikaratasi chenye tarakimu. Hukuuliza tarakimu hizo zimetoka wapi. Ulizipeleka kwa daktari, naye akazisoma, akachukua kalamu na kukuandikia dawa.

Wiki hii nataka tuzungumze kuhusu tarakimu hizo, na hasa jinsi wanavyofundishwa wale wanaozitoa. Somo lenyewe ni kemia, na yamkini wengi wenu mliagana na kemia siku mlipoweka kalamu chini katika mtihani wa kidato cha nne. Hata hivyo, nakusihi usifunue ukurasa mwingine. Nimeona kwa macho yangu jinsi somo lililofundishwa nusunusu darasani linavyoweza kumfuata mgonjwa hadi kitandani.

MTOTO ALIYEKUWA AKICHEZA

Ilikuwa mwaka wa 2008. Nilikuwa daktari kijana katika hospitali ndogo ya mashambani. Mama mmoja alimleta mwanawe wa miaka mitatu aliyekuwa na homa ya siku mbili. Nilishuku malaria, nikaagiza damu ikaguliwe vijidudu, na pia ipimwe kiwango cha hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu inayobeba oksijeni mwilini.

Majibu yalirudi. Malaria haikuwapo, lakini hemoglobini ilikuwa gramu 3.8 kwa kila desilita ya damu. Mtoto wa umri huo hutarajiwa kuwa na gramu 11 au zaidi. Akishuka chini ya 4, sisi madaktari hatungoji. Huwa tunamwongeza damu. Nikaanza kujaza fomu ya kuomba damu. Mama aliuona uso wangu umebadilika.

"Daktari, kwani mtoto ana nini?" akauliza.

Kabla sijamjibu, mtoto alinyoosha mkono, akakamata kile kifaa changu cha kusikilizia moyo, akakivuta huku akicheka. Nikakitazama kiganja chake. Kilikuwa na wekundu wa kawaida kabisa. Mtoto mwenye gramu 3.8 aghalabu huwa na kiganja kilichopauka kama karatasi. Moyo humwenda mbio, pumzi humwia ngumu, na hana haja ya kucheza na mtu. Huyu tulikuwa tukinyang'anyana naye vifaa vya kazi.

Niliiacha fomu mezani nikaenda maabara. Fundi wa maabara alikuwa kijana mwenye bidii, aliyehitimu mwaka mmoja tu uliotangulia. Nilipomweleza shaka yangu, hakukasirika.

"Nimeipima mara mbili, daktari," akasema. "Na sifuri niliiweka sawa kabla ya kuanza."

Alikuwa akisema kweli. Alinionyesha. Alitia kichupa chenye dawa tupu isiyo na damu, na mshale wa mashine ukasimama kwenye sifuri. Akatia kichupa cha damu ya yule mtoto, ukasoma 3.8 tena. Tukatazamana. Ndipo alipovuta kijidroo cha ubavuni mwa mashine ili anionyeshe kwamba kila kitu ki mahali pake, na sote wawili tukaona kichujio cha mwanga chenye rangi ya machungwa. Kilikuwa kimesahauliwa humo tangu jana yake, walipokuwa wakifanya kipimo kingine. Kipimo cha hemoglobini hutaka kichujio cha kijani.

Akabadilisha kichujio, akaweka sifuri upya, akapima. Mara hii mashine ilisoma 10.4. Huo ulikuwa upungufu mdogo wa damu, wa kutibiwa kwa madini ya chuma na chakula bora wala si kwa kuongezwa damu.

Nikamwuliza, "Kwa nini lazima kiwe cha kijani?"

Akafikiri kidogo. "Tulifundishwa hivyo, daktari. Kila kipimo na kichujio chake. Tulikariri jedwali."

Nilitaka kumkaripia, lakini nikajizuia, kwa sababu moyoni nilijua kwamba na mimi nisingeweza kueleza papo hapo. Kanuni hiyo niliisoma mwaka wa kwanza wa chuo kikuu, nikaikariri, nikapita mtihani, nikaisahau.

Asubuhi hiyo wagonjwa wengine watano walikuwa wamepimwa kwa kichujio kilekile. Wanne tulirudia damu zao siku hiyohiyo. Wa tano alikuwa mama mjamzito, naye alikuwa ameshaondoka na barua ya kuwatafuta jamaa wa kumtolea damu. Tulimtuma mlinzi akimbie stendi ya matatu, akachelewa. Mama huyo tulimpata kesho yake asubuhi, amekuja na ndugu zake watatu waliokopa nauli usiku. Damu yake tulipoirudia ilikuwa ya kutosha. Hakuna aliyekufa, na kwa hivyo hakuna aliyeandika popote. Lakini kuongezwa damu bila sababu si jambo dogo. Damu inaweza kumkataa mtu au kuulemea moyo wake, na chupa aliyopewa asiyeihitaji humkosa mama anayevuja damu akijifungua.

SOMO LA GLASI YA CHAI

Sasa hebu tueleze kile ambacho mimi na yule kijana tulishindwa kukieleza. Huhitaji shahada yoyote kukifahamu.

Chukua glasi ya chai ya rangi isiyo na maziwa, uitazame mbele ya dirisha. Ikiwa chai ni nyepesi, mwanga mwingi hupita. Ikiwa nzito, mwanga mchache hupita. Kwa hiyo, mtu akipima mwanga uliopita, anaweza kujua uzito wa chai bila kuionja. Huo ndio msingi wa mashine zinazoitwa kolorimita na spektrofotomita, na elimu yake kwa jumla huitwa spektroskopia. Wataalamu watatu ndio wanaotajwa kwa kanuni hiyo: Mfaransa Pierre Bouguer mwaka wa 1729, Johann Lambert mwaka wa 1760, na Mjerumani August Beer mwaka wa 1852.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi hulikosea. Tuseme glasi moja ya chai huzuia nusu ya mwanga. Ukiweka glasi ya pili nyuma yake, usidhani mwanga wote utakwisha. Glasi ya pili huzuia nusu ya kile kilichobaki. Ulianza na 100, ukabaki na 50, kisha 25, kisha 12.5. Ndiyo sababu hesabu ya mashine hizi hutumia logi. Mwalimu akianza na logi ubaoni, darasa hulala. Akianza na glasi za chai dirishani, logi hujileta yenyewe.

Na kile kichujio cha kijani? Kitu chekundu huonekana chekundu kwa kuwa huachilia mwanga mwekundu na kufyonza mwanga wa kijani. Katika kipimo nilichokieleza, damu kidogo sana, mikrolita 20, huchanganywa na mililita 5 za dawa maalumu, na myeyusho huo hufyonza sana mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nanomita 540. Ukiupitishia mwanga wa kijani, tofauti ndogo ya damu itaonekana wazi. Ukiupitishia mwanga wa rangi ya machungwa, mwingi hupita tu, na mashine hudhani kuwa damu ni nyepesi. Mashine hupima mwanga na basi. Kujua kwamba mwanga wenyewe si ule unaotakiwa ni kazi ya mtu.

SIFURI PEKE YAKE HAITOSHI

Msomaji, ukienda buchani kununua kilo moja ya nyama, mteja mwerevu hutazama kwanza kama mshale wa mizani uko kwenye sifuri. Hilo ni jema, lakini halitoshi. Mizani inaweza kuanza sifuri vizuri na bado ikamwibia mtu robo kilo. Ili kuijua mizani, lazima uweke juu yake jiwe ambalo uzito wake wa kilo moja umethibitishwa, uone kama itasema kilo moja.

Yule fundi kijana aliweka sifuri, na sifuri haikumwokoa, kwa maana dawa tupu hupitisha mwanga wa kijani na wa machungwa vilevile. Alichokikosa ni lile jiwe la kilo, yaani damu ya kujaribia ambayo kiwango chake kinajulikana, tuseme gramu 12. Lau angeitia hiyo asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza, mashine ingesoma 4 na kitu, naye angejua mara moja kwamba kuna hitilafu. Angeitafuta, angeiona, na mama mjamzito asingekopesha watu nauli.

Maabara nzuri hufanya hivyo kila siku, na huandika matokeo kwenye daftari au chati ukutani. Mashine za siku hizi ambazo hupima vitu vingi kwa pamoja hutoa onyo zenyewe zinapoona kasoro fulani. Lakini hata hizo hulishwa damu ya kujaribia na binadamu, na ni binadamu anayeamua kuamini au kutoamini.

TUNAVYOFUNDISHA

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Wanafunzi wetu hufundishwa kuitumia mashine. Ni wachache wanaofundishwa kuishuku.

Nimepata kutembelea vyuo kadhaa vinavyofunza mafundi wa maabara. Walimu wanajitahidi, tena katika hali ngumu. Mara nyingi mashine ni moja kwa wanafunzi arubaini, na pengine imeharibika ikisubiri kipuri. Basi mwalimu huchora mashine ubaoni: hapa taa, hapa kichujio, hapa kichupa, hapa kipokea mwanga. Wanafunzi hunakili. Siku ya zoezi, mmoja anabonyeza vitufe na thelathini na tisa wanachungulia juu ya mabega. Myeyusho wameandaliwa, kichujio kimeshawekwa, na jibu sahihi linajulikana. Atakayepata tarakimu iliyo karibu na jibu anapewa alama zote.

Tazama wanachojifunza hapo. Wanajifunza kwamba mashine husema kweli siku zote, na kwamba kosa likitokea ni la mwanafunzi. Hawajapata hata siku moja kuiona mashine nzima, iliyowaka vizuri, yenye sifuri sawa, ikitoa jibu la uongo. Mara ya kwanza kuiona hali hiyo ni kazini, na aliye upande wa pili wa jibu ni mgonjwa.

Zamani mashine zenyewe zilifundisha. Ile iliyoitwa Spectronic 20, iliyotolewa Marekani mwaka wa 1953 na kutumiwa na wanafunzi wengi wa kemia, ilikuwa na gurudumu la kuchagua urefu wa wimbi kwa mkono na mshale ulioonekana ukitembea. Mwanafunzi aliweza kutia kipande cha karatasi nyeupe ndani yake, akageuza gurudumu na kuziona rangi zikibadilika moja baada ya nyingine. Mashine za leo ni bora zaidi na zina kasi, lakini nyingi ni visanduku vilivyofungwa. Kinachoingia ni damu, kinachotoka ni tarakimu, na katikati ni giza. Kwa hiyo mwalimu wa leo ana kazi kubwa zaidi kuliko wa jana. Kile ambacho mashine imeficha, sharti yeye akifunue.

SI DAMU PEKE YAKE

Pengine utaniambia, daktari, haya ni ya hospitalini, mimi sijambo. Subiri kidogo.

Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapoteza macho. Methanoli na pombe ya kawaida hufanana kwa macho, zote mbili maji meupe. Njia ya kuaminika ya kuzitenganisha ni kromatografia ya gesi. Ndani ya mashine hiyo mvuke hupitishwa kwenye bomba refu jembamba, na kila kemikali hutoka kwa wakati wake.

Mwaka wa 2004, katika sehemu za Makueni, Kitui na wilaya jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi yenye sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ikitengwa na kumulikwa kwa miale ya urujuanimno, hung'aa. Aina ya B hutoa mwanga wa buluu na aina ya G wa kijani, na herufi hizo zimetokana na majina ya Kiingereza ya rangi hizo. Kwa mwanga huo maabara hupima sumu kwa sehemu chache tu katika bilioni. Kiwango kinachoruhusiwa nchini mwetu katika mahindi ni sehemu 10 katika bilioni. Anayepima kitu kidogo hivyo, akikosea kusawazisha mashine, gunia la sumu litapita likiwa na muhuri.

Mwaka wa 2022, huko Gambia, zaidi ya watoto 60 walifariki baada ya figo zao kuharibika, na kisa hicho kikahusishwa na dawa za maji za kikohozi zilizokuwa na kemikali ziitwazo diethilini glikoli na ethilini glikoli. Kemikali hizo hugunduliwa kwa kromatografia, ikiwa kuna mtu aliyefundishwa kuitumia na akaulizwa kabla dawa haijafika dukani.

Na kile kikifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho wengi mlikifahamu wakati wa Korona? Hicho nacho ni spektroskopia. Hupitisha mwanga mwekundu wa nanomita 660 na ule usioonekana wa karibu nanomita 940 kupitia kidole chako, kikalinganisha unavyofyonzwa. Desemba 2020 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wagonjwa weusi walikuwa katika hatari karibu mara tatu ya wenzao weupe ya kusomewa oksijeni ya kutosha huku damu yao imepungukiwa. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Tunarudi kwenye jiwe la kilo: mashine huwa ya haki kwa wale tu waliofikiriwa ilipokuwa ikisawazishwa. Daktari au muuguzi aliyefundishwa misingi ya mwanga atamtazama mgonjwa anayetweta, ingawa kifaa kinasema 94, na hatamrudisha nyumbani.

DARASA LISILO NA MASHINE

Mwalimu atasema, mambo haya ni mazuri lakini shule yangu haina hata mtungi wa gesi. Nakubali. Lakini misingi inaweza kufundishwa kwa vitu vya dukani. Nami mwenyewe nimeyajaribu haya nikiwa na vijana wa kanisa letu na wanangu nyumbani.

La kwanza ni kutenganisha rangi. Kata ukanda wa karatasi nyeupe inayonyonya maji. Chora nukta kwa kalamu nyeusi ya wino unaoyeyuka majini, sentimita mbili kutoka chini. Ning'iniza ncha ndani ya maji, ila nukta isizame. Maji yatapanda, na weusi utagawanyika kuwa rangi kadhaa. Mwambie mwanafunzi: katika mashine kubwa, gesi huchukua nafasi ya maji na bomba huchukua nafasi ya karatasi, na hivyo ndivyo methanoli inavyoumbuliwa.

La pili ni kupasua mwanga. Ile sahani ya CD ya muziki ina mistari iliyobanana sana, ambayo huugawa mwanga kuwa rangi zake. Itazame ukiielekeza kwenye balbu ya waya, utaona rangi zote zikifuatana bila pengo. Ielekeze kwenye taa ya mrija, utaona vipande vya rangi vilivyoachana. Wajerumani Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walisoma mistari ya namna hiyo katika ndimi za moto, na mwaka wa 1860 wakagundua elementi mpya, siziamu, katika maji ya chemchemi. Onyo: usiitumie sahani hiyo kutazama jua hata kidogo, utadhuru macho.

La tatu ndilo muhimu zaidi. Tafuta kisanduku cha katoni, ukipake rangi nyeusi ndani. Upande mmoja weka kitaa kidogo cha kijani, katikati glasi, na upande wa pili simu yenye programu ya kupima mwanga. Tengeneza glasi nne za maji yaliyotiwa rangi nyekundu ya chakula: tone 1, matone 2, matone 4 na matone 8. Anza na maji matupu, kisha pima kila glasi, uchore grafu. Halafu mwalimu alete glasi ya tano asiyotaja matone yake, wanafunzi waitafute kwenye grafu. Wakifanikiwa, wamefanya kazi ileile ya spektrofotomita ya maelfu ya pesa.

Lakini wasiishie hapo. Wakitoka mapumziko, mwalimu abadilishe kitaa cha kijani aweke chekundu, akifunike, anyamaze. Wanafunzi wakirudi awape glasi nyingine, awaambie waipime. Wataweka sifuri, na sifuri itakubali. Watapata jibu, na jibu litakuwa la uongo. Alama zisitolewe kwa tarakimu. Zitolewe kwa yule atakayesema, "Mwalimu, hebu turudie ile glasi ya matone manne tuone kama bado inasoma kama mwanzo." Mwanafunzi huyo ndiye ningependa anipimie damu.

Zoezi hilo halina gharama yoyote ya ziada. Linalohitajika ni mwalimu kukubali kwamba kutega mtego ni sehemu ya kufundisha, na watunga mitihani kukubali kwamba kugundua kosa ni ujuzi unaostahili alama.

WEWE MSOMAJI UFANYE NINI?

Ukiwa mgonjwa, au una mgonjwa, zingatia haya:

1. Chagua maabara iliyosajiliwa. Cheti chake cha leseni kinapaswa kuwa ukutani, nawe una haki ya kukisoma.

2. Uliza kwa upole, "Leo mmeijaribu mashine kwa kipimo kinachojulikana?" Fundi mzuri hataudhika. Atafurahi kukuonyesha daftari lake.

3. Majibu yakipishana mno na unavyojihisi, mwambie daktari wako, umwulize kama kipimo kinaweza kurudiwa kabla ya uamuzi mkubwa kama upasuaji au kuongezwa damu.

4. Wala usiyageuze maneno yangu kuwa kisingizio cha kukataa matibabu. Mtoto aliyepauka viganja na midomo, anayepumua kwa shida au aliyelegea, si wa kubishania tarakimu. Mpeleke hospitalini haraka na umwache daktari afanye kazi. Yule mtoto wangu aliokolewa na dalili zake mwenyewe. Wengine dalili zao huunga mkono kikaratasi, na hao kuchelewa ni hatari.

5. Ikiwa wewe ni mzazi, mtoto wako akikuambia kemia ni ya kukariri rangi na majedwali, mpe glasi ya chai na umwonyeshe dirisha.

Kuhusu yule fundi kijana, leo ni mkuu wa maabara katika hospitali nyingine, na hupokea wanafunzi wa mafunzo ya kazini. Tulikutana miezi michache iliyopita kwenye mazishi ya rafiki yetu, nikamwuliza kama bado anakikumbuka kile kichujio cha machungwa. Akacheka, akaniambia kwamba kila mwanafunzi mpya akiripoti, siku ya kwanza humwekea kichujio kisicho sahihi na kumpa damu ya kujaribia. Wengi humletea jibu wakitabasamu. Huwarudisha mashineni, wakae nayo mpaka waone.

"Wengine hukaa mpaka saa nane, daktari," akaniambia, "lakini hakuna anayesahau."

Nakutakia afya njema, msomaji. Tukutane tena wiki ijayo.